Wasaidizi wa Darasani: Habari Zao na Heshima Iwapasayo

Mazungumzo yetu ya leo yahusu watu ambao kila aliyepita shuleni amewaona, walakini ni wachache wawezao kuyataja majina yao. Hao ni wasaidizi wa darasani: yule aliyemshika mtoto mkono alipoandika herufi ya kwanza; yule aliyekaa na kundi la nyuma wakati mwalimu aliposimama mbele ubaoni; yule aliyeyageuza maneno ya mwalimu kwa Kigogo ili mtoto wa mchungaji apate kuelewa. Tutasimulia habari zao tangu zamani, hasa katika nchi hii ya kati, kisha tutauliza ni heshima gani iliyowapasa, na ni ipi waliyopewa.

Twaanzia Nzuguni, mashariki ya mji wa Dodoma, kwenye barabara kuu iendayo Morogoro. Zamani Nzuguni ilikuwa kijiji cha wakulima na wafugaji, chenye mashamba ya mtama na uwele. Siku hizi ni kata ya Jiji la Dodoma, na nyumba zaongezeka kila mwaka. Jina lake lajulikana mbali kwa sababu ya viwanja vya maonyesho ya wakulima. Kila mwaka, mwanzo wa mwezi wa Agosti, watu hukusanyika hapo kwa sikukuu ya Nane Nane, na mwaka 2024 sherehe ya taifa zima ilifanyika hapo hapo. Mkulima aliyewazidi wenzake huitwa mbele ya watu, jina lake likasomwa, akapewa zawadi. Mfugaji naye kadhalika. Hata ng'ombe akiwa mzuri, watu humzunguka na kuuliza: Huyu ni wa nani? Amelishwa nini?

Basi watu wa Nzuguni hawana haja ya kufundishwa maana ya kumtunza aliyefanya vizuri. Mithali yasema, Mcheza kwao hutunzwa. Na zawadi ina kazi mbili: humfurahisha aliyeipata, na humwonyesha asiyeipata njia ya kufuata. Sasa twauliza: mtu aliyewafundisha watoto hamsini kusoma, naye hana cheo wala cheti, nani humwita mbele ya watu? Na akiitwa, apewe nini? Kwa kujibu swali hili hatuna budi kutazama nyuma.

Kwanza yafaa kujua ya kuwa msaidizi wa darasani si jambo la jana, wala si jambo la nchi maskini peke yake. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, mwalimu mmoja aliweza kuwasomesha watoto wa kila umri katika baraza moja, kwa kuwa wale waliotangulia waliwafundisha waliokuja nyuma. Katika Bara Hindi pia ilikuwa hivyo. Mwaka 1789 Mskochi mmoja, jina lake Andrew Bell, aliwekwa kuwa mkuu wa nyumba ya yatima wa kiume huko Madras. Walimu wake walikuwa wachache, na hao wachache hawakupenda njia mpya. Bwana Bell akawaona watoto wa Kihindi katika shule ya kienyeji wakiandika herufi mchangani kwa vidole. Akamchukua mvulana wa miaka minane, John Frisken, akamweka awafundishe wadogo wake herufi kwa njia hiyo hiyo. Mvulana akaweza kazi iliyowashinda wakubwa.

Habari hiyo ilifika Uingereza kwa kitabu alichokitoa Bell mwaka 1797. Mwaka uliofuata Joseph Lancaster alifungua shule ya watoto wa maskini mjini London, akatumia njia iliyofanana nayo: mwalimu mmoja, wasaidizi wengi watoto, na wanafunzi mamia katika chumba kimoja. Lancaster alipenda sana kutoa tuzo. Msaidizi aliyefanya vizuri alipewa nishani ya kuvaa kifuani, au kitu cha kuchezea. Lakini watu wenye busara waliona upungufu. Mtoto alivaa nishani, akasifiwa, walakini elimu yake mwenyewe haikuongezeka, na siku alipotoka shuleni hakuwa mwalimu wala fundi.

Kwa hiyo mwaka 1846, kwa shauri la James Kay-Shuttleworth, serikali ya Uingereza iliweka utaratibu mwingine. Kijana wa miaka 13 au zaidi aliandikiana mapatano ya miaka mitano kumsaidia mwalimu. Mchana alisaidia darasani, na kwa saa zilizowekwa alifundishwa yeye mwenyewe. Alilipwa paundi 10 mwaka wa kwanza, na ujira ukaongezwa mwaka kwa mwaka hata ukafika paundi 20. Mwisho alifanya mtihani, na aliyeshinda sana alilipiwa karo ya chuo cha ualimu. Tazameni tofauti ya hao wawili. Msaidizi wa Lancaster alipewa nishani. Msaidizi wa mwaka 1846 alipewa ujira, mafundisho na njia ya kupandia. Tofauti hiyo tuishike, maana ndiyo tutakayoitumia kupimia habari za kwetu.

Sasa turudi Ugogo. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876, wakiwa safarini kwenda Buganda. Baadaye wakafungua vituo vingine, kama Kongwa, Mvumi na Buigiri. Wazungu wenyewe walikuwa wachache kabisa, na nchi ni pana. Kutoka kijiji hata kijiji ni mwendo mrefu wa jua kali, na wakati wa kiangazi maji ni ya kutafutwa. Isingewezekana mgeni mmoja au wawili kufundisha vijiji hivyo vyote. Waliofundisha ni vijana wa nchi hii hii, waliojifunza kusoma miaka miwili au mitatu, kisha wakapelekwa kijijini na vitabu vichache. Shule yao ilikuwa kivuli cha mti au banda la miti na udongo. Walifundisha herufi, kusoma, nyimbo na mafundisho ya dini. Na kwa kuwa walichopewa kilikuwa kidogo, waliendelea kulima kama watu wengine. Karibu na mwanzo wa Vita vya Kwanza kilifunguliwa chuo cha walimu Kongwa, ili vijana kama hao wapate elimu zaidi.

Vita vilipoanza mwaka 1914, watu hao walipatikana na msiba ambao si haki kuusahau. Wadachi waliotawala wakati ule waliwashuku walimu wa misheni za Kiingereza kuwa wapelelezi wa adui. Wazungu wa misheni waliwekwa kizuizini. Walimu Waafrika nao walikamatwa, wakafungwa, wakapigwa na kuteswa. Kosa lao kubwa lilikuwa kwamba waliwajua Waingereza na walijua kusoma na kuandika. Kisha ikaja njaa kuu ambayo Wagogo huiita Mtunya, iliyoanza katika mwaka 1917 na kuendelea hata miaka ya baada ya vita. Maelfu ya watu walikufa, na wengine walitawanyika kutafuta chakula. Lakini njaa ilipopita, shule za vijijini zilianza tena, na walioanza kufundisha ni wale wale wasaidizi waliobaki hai.

Katika wakati wa Waingereza mambo yalibadilika. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kutoa gazeti la Mambo Leo, na kijijini aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua. Mwaka 1927 ilitungwa sheria ya elimu. Tangu hapo shule zilizokubaliwa na serikali, zenye walimu wenye vyeti, ndizo zilizoweza kupata msaada wa fedha. Utaratibu huo ulikuwa na faida, maana uliinua shule nyingi. Walakini shule ndogo za vichakani zilibaki nje ya msaada, na yule kijana wa chini ya mti alibaki nje pamoja nazo. Mwenye cheti aliandikwa katika daftari la serikali, msaidizi hakuandikwa. Na asiyeandikwa, wajukuu watamjuaje?

Hatusemi kwamba hapana hata mmoja aliyekumbukwa. Mjini Dodoma iko shule yenye jina la Kanoni Andrea Mwaka, mmoja wa makasisi wa kwanza Waafrika wa Ugogo. Jina lake lipo mlangoni, na mtoto aingiaye kila asubuhi aweza kuuliza, Mtu huyu alikuwa nani? Lakini kwa jina moja lililoandikwa mlangoni, yako majina mengi yaliyopotea pamoja na mabanda yaliyoanguka.

Jambo hili la kupoteza jina la msaidizi halikuwa la vijijini tu. Lilitokea hata katika vyuo vikubwa vya Ulaya. Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin kusaidia kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki, chini ya Carl Velten. Wanafunzi wake walikuwa Wadachi waliojiandaa kuja kutawala huku. Bwana Mtoro aliandika pia habari nyingi za mila za watu wa pwani, na maandiko hayo ndiyo msingi wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa mwaka 1903. Jina lililowekwa mbele ya kitabu ni la Velten. Mwaka 1905 Mtoro aliacha kazi hiyo, baada ya kudharauliwa darasani na wanafunzi. Miaka mingi ilipita kabla wataalamu hawajasema kwa sauti kubwa kwamba kalamu ile ilikuwa ya Mtoro. Basi, ikiwa mtu mwenye elimu kama ile alisimamishwa kando katika mji mkuu wa dola, tusistaajabu kwamba kijana wa Ugogo alisahauliwa chini ya mti.

Sasa twafika katika habari iliyo kubwa kupita zote, nayo ni ya baada ya uhuru. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Walimu wa vyeti hawakutosha hata kwa watoto; wangetosha vipi kwa baba na mama zao? Ikabidi anayejua amfundishe asiyejua. Vijana waliomaliza shule, mabwana shamba, hata wanafunzi wenyewe waliingia kazini jioni, kwa taa ya chemli au kwa mwanga wa jua la alasiri. Wengi wa waliojitolea hivyo waliwekewa asante ya shilingi 30 kwa mwezi. Mwaka 1967 katika kila watu wazima 100, karibu 67 hawakujua kusoma. Mwaka 1975, baada ya mtihani wa taifa zima, wasiojua walihesabiwa kuwa 39. Mabadiliko kama hayo katika muda wa miaka minane si kazi ya walimu wa vyeti peke yao.

Wakati huo huo hapa Dodoma watu walikuwa wakihamia katika vijiji vipya. Operesheni Dodoma ilifanywa mwaka 1971, na Mwalimu mwenyewe alikaa Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Watu waliokuwa wametawanyika sasa walikaa pamoja, na watoto wao walionekana kwa macho: wengi, na wasio na darasa. Kisha mwezi wa Novemba mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba kila mtoto wa umri wa shule apate nafasi kabla ya kwisha mwaka 1977. Mashauri ya kwanza yalikuwa kulifikia jambo hilo mwaka 1989. Kazi ya miaka kumi na mitano ikatakiwa kufanywa kwa miaka mitatu.

Walimu wangetoka wapi? Vyuo vyote vya ualimu vilivyokuwapo visingeweza kuwafundisha kwa wakati. Jibu lilipatikana vijijini. Vijana wa kike na wa kiume waliomaliza darasa la saba walichaguliwa kuwa wasaidizi, na kuanzia mwaka 1976 wakaingia madarasani. Asubuhi kijana alifundisha kwa saa chache, aghalabu madarasa ya chini, akiangaliwa na mwalimu mzoefu. Baadaye siku hiyo hiyo yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi: alisoma masomo yaliyoletwa kwa posta, akajibu maswali, akasikiliza vipindi vya redio vilivyotengenezwa kwa ajili yake. Waliwekwa waratibu wa elimu wa kata, wapite kwa baiskeli au kwa miguu kuwasaidia. Mwisho wa miaka mitatu kijana aliitwa chuoni kwa majuma machache, akafanya mtihani, na aliyefaulu alitoka na cheti cha ualimu.

Ninyi mnaosikiliza redio, hapa tegeni masikio. Redio ile iliyotuletea habari na ngoma ilikuwa pia chuo cha ualimu kwa vijana wasioweza kufika chuoni. Na hesabu yao haikuwa ndogo. Kwa njia hiyo walipatikana walimu zaidi ya 35,000. Watoto wa shule za msingi, ambao mwaka 1974 walikuwa kama 1,200,000, mwaka 1980 walipita 3,000,000. Wengi wa wazee wa leo wa Nzuguni, Kikombo, Mvumi na Chamwino, waliokuwa watoto wakati ule, walifundishwa herufi na mtu aliyeingia darasani kama msaidizi.

Haifai tusifu bila kusema na upande wa pili. Elimu ile ya haraka ilikuwa na upungufu. Kijana wa miaka kumi na saba hakuweza kujua yote aliyoyajua mwalimu wa chuo. Mahali pengine masomo ya posta yalichelewa, na penye redio isiyo na betri vipindi vilipita hewani bila kusikiwa. Darasa lilikuwa na watoto wengi na vitabu vichache. Watu waliona hayo, wakasema. Lakini badala ya kuulaumu upungufu wa vifaa, wengi walimcheka mtu. "Mwalimu wa UPE" likawa neno la dharau. Miaka ya 2000, shule za sekondari za kata zilipojengwa kwa wingi, vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache wakapelekwa kufundisha. Watu wakawaita "vodafasta", kwa jina la namna moja ya kuongeza fedha ya simu kwa haraka. Jamani, nyumba ikiungua, aliyekuja na kopo la maji hachekwi kwa kuwa hakuja na pipa.

Hata hivyo twaona kwamba mpango wa mwaka 1976 uliwapa wasaidizi wetu heshima iliyo kubwa kuliko zote walizopata kabla. Sherehe zilikuwa chache, lakini njia ilifunguliwa. Aliyeingia kama msaidizi hakuambiwa abaki msaidizi hata uzee. Alilipwa alipokuwa akijifunza, alifundishwa alipokuwa akifundisha, na mlango wa cheti ulikuwa wazi mbele yake. Wako walioendelea wakawa walimu wakuu, waratibu, wengine wakafika vyuo vikuu. Ni utaratibu ule ule wa Uingereza wa mwaka 1846, lakini kwa upana uliozidi, na katika nchi yenye mfuko mdogo.

Je, leo wasaidizi hawapo? Wapo. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwanzo wa miaka ya 2000, na mwaka 2016 elimu bila ada ilifikishwa hata kidato cha nne. Kila mara watoto walimiminika. Hapa Dodoma tena, serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba yahamia kweli, watu walikuja kwa wingi, na kata kama Nzuguni zikajaa. Katika vitongoji vilivyo mbali na shule, wazazi wamejenga madarasa yao wenyewe, yaitwayo shule shikizi, kwa kuwa hushikizwa katika shule mama iliyo mbali. Mwaka 2021 serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa kupambana na madhara ya ugonjwa wa UVIKO-19, madarasa 3,000 kati yake yalikuwa ya shule shikizi. Na kabla mwalimu wa serikali hajafika katika darasa kama hilo, aghalabu hufundisha kijana wa kijijini aliyejitolea.

Kati ya mwaka 2014 na 2020 mpango ulioitwa EQUIP-Tanzania, uliolipiwa na Uingereza, ulifanya kazi katika mikoa kadhaa, na Dodoma ukiwamo. Sehemu moja ya mpango huo ilikuwa kuwaandaa watoto wadogo wasiopata darasa la awali, hasa wale ambao nyumbani hawasemi Kiswahili. Wanakijiji walichagua mtu miongoni mwao, akapewa mafunzo mafupi na vitabu vya hadithi, akawakusanya watoto. Hapa msaidizi alikuwa na jambo ambalo mwalimu mgeni hakuwa nalo. Mtoto wa Kigogo akikaa kimya, mwalimu kutoka mbali aweza kudhani kwamba hajui kitu. Msaidizi wa pale pale humwuliza kwa lugha ya mama yake, na mtoto akajibu. Kumvusha mtoto kutoka lugha ya nyumbani hata lugha ya shule ni kazi ya ufundi, ingawa haina cheti.

Tena tusiwasahau wasaidizi wa watoto wenye ulemavu. Buigiri, upande huo huo wa mashariki ya Dodoma, ilianzishwa mwaka 1950 shule ya wasioona, ya kwanza ya namna hiyo katika Tanganyika. Mtoto asiyeona hahitaji mwalimu tu. Amhitaji mtu wa kuyageuza maandishi ya kawaida kuwa nukta zinazosomwa kwa vidole, mtu wa kumsomea kitabu kisicho na nukta, mtu wa kumwonyesha njia ya bweni na ya kisima hata miguu yake ijue yenyewe. Mtoto kiziwi naye amhitaji mtu wa kuyageuza maneno kuwa ishara. Mtu huyo akikosa kuja siku moja, mwalimu atasema yote ubaoni, na mtoto hatapata hata neno.

Sasa tuseme juu ya heshima yenyewe. Tanzania ina desturi njema ya kumchagua mfanyakazi bora katika kila mahali pa kazi, na kumtunza siku ya Mei Mosi. Tangu mwaka 1994 tarehe 5 Oktoba imekuwa siku ya walimu duniani. Marekani mwaka 2019 ilitunga sheria ya kumtunuku kila mwaka mfanyakazi wa shule asiye mwalimu: msaidizi wa darasani, mpishi, dereva, au mwingine kama hao. Basi hata mataifa makubwa yameona haya ya kuwaacha watu hao kimya. Lakini yule kijana wa shule shikizi, ambaye hakuandikwa kuwa mfanyakazi, hawezi kuchaguliwa mfanyakazi bora. Kwake sheria na sikukuu za wakubwa hazifiki. Heshima yake iko mikononi mwa kijiji chake. Kwa sababu hiyo twatoa mashauri manne kwa kamati za shule na kwa wazazi.

Kwanza, jina lake liandikwe. Kila shule ina daftari la kuandikia mambo yatokeayo. Humo aandikwe kila mtu aliyesaidia darasani: jina lake, kijiji chake, siku aliyoanza, kazi aliyoifanya, na siku aliyoacha. Wino huo haugharimu kitu, na ungalifanywa tangu zamani, leo tungekuwa na majina ya wale wa chini ya miti.

Pili, achaguliwe kwa kazi iliyoonekana. Tusimchague kwa kuwa ni mtoto wa fulani, wala kwa kuwa anapendwa na wakubwa. Tuulize mambo yenye ushahidi. Watoto wake wangapi walioanza bila kujua herufi, sasa wasoma? Siku za mvua na siku za kulima, alikuja? Mtoto aliyetoroka, alimfuata nyumbani? Waulizwe wazazi, aulizwe mwalimu aliyefanya naye kazi, na watoto wenyewe waulizwe, kwa maana watoto hawajui kuficha.

Tatu, sifa isitumike kuziba pengo la ujira. Kanga na cheti cha ukutani ni vitu vizuri, lakini sifa haijazi kibaba. Kijiji kilichoahidi kumpa msaidizi debe la mahindi au fedha kwa kila mwezi, kimpe kwa wakati. Ahadi ni deni. Ni aibu kumpigia mtu makofi mbele ya mkutano, na nyumbani kwake hakuna kilichobandikwa mekoni. Na mwenye kulala njaa hatakaa sana; atakwenda mjini kutafuta kibarua, na watoto watabaki tena bila mtu.

Nne, na hili ndilo kubwa, afunguliwe njia. Msaidizi aliyeonekana kuwa na kipaji, kijiji na wakubwa wa elimu wamsaidie kujiendeleza: arudie mtihani uliomshinda, apate fomu za chuo, achangiwe karo ikiwezekana, aandikiwe barua ya kushuhudia kazi yake. Habari zote tulizozisimulia zafundisha jambo hili moja. Nishani za Lancaster zimeozea makabatini, na katika Ugogo hata nishani hazikuwapo. Kilichodumu ni njia iliyofunguliwa mwaka 1846 kule Uingereza, na mwaka 1976 hapa kwetu, kwa kuwa aliyepanda kwa njia hiyo aliwapandisha wengine nyuma yake.

Wasikilizaji wetu, shule za nchi hii hazikujengwa na walimu wa vyeti peke yao. Kila mara haja ilipozidi walimu, alitoka mtu wa kawaida kijijini, akashika chaki. Hakungoja awe tayari, kwa sababu watoto wasingeweza kungoja. Mtu huyo yuko hata sasa, katika shule iliyo karibu nanyi. Kesho mkipita hapo, ulizeni jina lake, mkahakikishe kwamba limeandikwa.